Kiwanda cha Vidoli Kilichojifunza Kusikiliza Moyo

Ukiingia soko la Toi kwa upande wa Makina siku ya Jumamosi, hukosi kuwaona akina mama wameinamia lundo la vidoli vya mtumba. Vigari vya plastiki visivyo na magurudumu, wanasesere wa jicho moja, simba wa mpira aliyetafunwa mkia na mtoto wa Kizungu ambaye sasa huenda ni baba wa watu. Mama huchagua, hupatana bei, akatia kidoli kikapuni na kwenda zake. Nani alikitengeneza? Hilo si swali la mtu mwenye haraka ya kwenda kupika.

Leo nakuomba tuulize, kwa sababu miongoni mwa viwanda vilivyoanza kwa kuwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kimo kimoja ambacho, baada ya zaidi ya miaka 70, kilibuni kifaa cha kupimia mapigo ya moyo wa mtoto aliye bado tumboni mwa mamake. Kifaa hicho kikapewa jina la Kiswahili. Kiliitwa Moyo.

Usidhani nimekutafsiria. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye kifaa chenyewe, na daktari wa Norway au mtafiti wa Marekani anayekijua hukitaja kwa jina hilo hilo, kwa lafudhi yake. Ni nadra sana chombo cha hospitali kutoka Ulaya kubatizwa kwa lugha yetu, na nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilitaka kujua ni nani hao na waliujuaje moyo.

Kampuni inaitwa Laerdal. Ilianzishwa mwaka 1940 na kijana mmoja, Åsmund Lærdal, katika mji wa bandari wa Stavanger huko Norway. Huo ndio mwaka ambao majeshi ya Hitler yaliivamia nchi hiyo, nawe jiulize ni mtu wa namna gani anayefungua biashara ya kadi za salamu na vitabu vya watoto wakati kama huo. Baadaye aliingilia vidoli vya mbao, na vita vilipokwisha akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba plastiki laini ingeweza kufanya mambo ambayo mbao haziwezi. Vigari vyake vidogo viitwavyo Tomte viliuzwa kwa mamilioni. Alikuwa pia na mwanasesere wa kike, Anne, mwenye nywele na macho yanayofumba akilazwa.

Angeweza kubaki hapo na kutajirika. Lakini katikati ya miaka ya 1950 mwanawe, Tore, ambaye alikuwa na umri wa miaka miwili hivi, alitumbukia majini. Baba mtu alimkuta amelegea. Alimshika, akayatoa maji yaliyomziba kooni, na mtoto akavuta pumzi.

Karibu na miaka hiyo watu wanaofundisha huduma ya kwanza walimwendea na ombi la ajabu. Kwa kuwa yeye ni fundi wa plastiki, je, angeweza kuwatengenezea vidonda bandia, ili wanafunzi wao wazoee kufunga majeraha kabla ya kukutana na damu yenyewe? Akawatengenezea. Kisha mwaka 1958 akakutana na Bjørn Lind, daktari wa nusukaputi, aliyemweleza habari mpya kutoka Marekani. Daktari Peter Safar, mzaliwa wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, alikuwa amethibitisha kwamba pumzi ya mtu ikipulizwa kinywani mwa mwingine aliyeacha kupumua yatosha kumweka hai. Tatizo likawa ni mahali pa kujifunzia. Huwezi kumlaza jirani yako chini kila Jumamosi umpulizie kwa mazoezi. Lærdal akasema kazi hiyo ataifanya mwanasesere, ila awe na kimo cha mtu mzima. Safar alipomwona akashauri atiwe springi kifuani, ili watu wajifunze na kuubonyeza moyo uliosimama. Mwaka 1960 mwanasesere huyo akatoka, akaitwa Resusci Anne.

Uso wake una kisa chake. Yasemekana kwamba mwishoni mwa karne ya 19 msichana mmoja asiyejulikana alitolewa mtoni Seine mjini Paris, amekufa maji. Fundi wa chumba cha maiti, alivyopendezwa na sura yake, akaichukua kwa plasta. Nakala za uso huo zikauzwa na kutundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Ulaya, na moja ilikuwa nyumbani kwa jamaa za Lærdal. Huo ndio uso alioumpa Anne. Msichana aliyekosa wa kumwokoa ndiye anayepuliziwa pumzi na wanafunzi wa dunia nzima hadi leo.

Mimi pia nilimpulizia wa jamii yake nilipokuwa shule ya upili, darasa zima likiangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitungoja tunyamaze, akasema tuendelee.

Åsmund Lærdal alifariki mwaka 1981, na kampuni ikaongozwa na yule yule Tore aliyetolewa majini. Katika miaka ya 1980 walikuwa wakiuza mashine ziitwazo Heartstart, za kuusoma mwendo wa moyo na kuushtua kwa umeme unapopotea njia. Hapo nitapita mbio. Mashine hizo zilikuwa za magari ya wagonjwa ya Ulaya na Marekani, nasi huku Makina mgonjwa hubebwa mgongoni au kwa mkokoteni vichochoroni kabla ya kuliona gari lolote.

Nataka tuje kwenye wadi ya kujifungulia.

Uchungu unapokaza, mji wa uzazi hujikunja, na mishipa inayompelekea mtoto damu hubanwa. Mtoto mwenye nguvu huvumilia, na uchungu ukiachia hupata hewa yake tena. Lakini saa zikiwa nyingi, au kitovu kikibanwa, au kondo likianza kubanduka kabla ya wakati, akiba yake huisha. Naye hawezi kulia wala kubisha mlango. Kitu cha pekee kinachosema kwa niaba yake ni moyo. Ukipiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, kwa kawaida mambo ni shwari. Ukishuka baada ya kila uchungu na kukawia kurudi, mtoto anaomba msaada, na msaada wenyewe huenda ukawa ni jambo dogo kama kumlaza mama ubavu au kuisimamisha dawa ya kuongeza uchungu. Wakati mwingine ni kukimbilia chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo wakunga hufundishwa kuusikiliza moyo huo kila nusu saa, au hata mara nyingi zaidi, uchungu unapoendelea, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma. Chombo chao ni kile kipembe cha mbao au cha bati kinachofanana na tarumbeta ya mtoto, ambacho daktari Mfaransa Adolphe Pinard alikibuni mwaka 1895. Upande mpana unawekwa tumboni, upande mwembamba sikioni. Hakihitaji betri wala umeme. Ni chombo kizuri, na anayekidharau hajamwona mkunga hodari akikitumia.

Tulipokuwa watoto, jirani yetu mmoja hapa Makina alikuwa bibi wa Kinubi ambaye sote tulimwita habuba, yaani nyanya kwa lugha yao. Wanawake walimwendea zamani, kabla hospitali hazijazoeleka. Yeye hakuwa na kipembe. Alilaza sikio lake tumboni, akafumba macho, na ole wake mtoto aliyepita uani akipiga kelele. Wakati huo nilidhani anamwombea mama dua. Kumbe alikuwa akihesabu.

Sasa, msomaji, nikueleze kwa nini habari za kampuni ya Stavanger zilinishika.

Mwaka 2021 dada yangu mdogo, ambaye ameolewa Kawangware, alirudi kwa mama yetu hapa Makina kungoja mtoto wake wa kwanza. Mimba ilikuwa nzuri, kliniki hakukosa hata siku moja. Uchungu ulimshika Alhamisi jioni. Tulimfikisha hospitalini saa mbili usiku, nayo hospitali hiyo sitaitaja. Sisi tulibaki kwenye benchi nje, maana jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Yanayofuata nayajua kwa kinywa chake.

Muuguzi alimpima, akainama na kipembe, akahesabu akitazama saa ya mkononi, akaandika. "Mtoto yuko sawa, mama," akamwambia, kisha akaenda kwa mwingine. Wadi ilikuwa na akina mama 11. Wauguzi walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi. Dada yangu hakuwa na usingizi, hivyo aliwahesabu. Katikati ya usiku mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua, na wauguzi wote wawili wakawa kitandani kwake muda mrefu. Dada yangu aliita mara mbili. Aliambiwa avumilie, na akavumilia, maana tumelelewa kuvumilia.

Kipembe kilirudi kwake saa kumi na moja alfajiri. Kikawekwa hapa, kikahamishwa pale, kikahamishwa tena. Akaitwa yule mwingine, naye akasikiliza. Hakuna aliyesema neno.

Alikuwa mvulana wa kilo tatu na gramu mia moja, mwenye nywele nyingi. Hakuwa na kasoro yoyote. Tulimzika Lang'ata.

Baadaye tulionyeshwa karatasi yake ya wadi. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameandikwa mara moja tu, saa mbili unusu usiku. Baada ya hapo, mistari mitupu hadi alfajiri. Mama yetu alitaka kumlaumu yule muuguzi, na uchungu wa nyanya aliyempoteza mjukuu sitaubishia. Lakini mimi nilichukua kalamu. Akina mama 11, kila mmoja asikilizwe mara moja kila nusu saa. Kutafuta mahali moyo unaposikika, kuhesabu dakika nzima, kuandika, tuseme ni dakika 4. Hizo ni dakika 44 za kazi ndani ya kila dakika 30, kabla ya kumpokea hata mtoto mmoja au kumzuia damu hata mama mmoja. Hesabu hiyo haifaulu kwa malaika, sembuse binadamu. Aliyepanga muuguzi mmoja na mwanafunzi wake kwa wadi kama hiyo ndiye aliyepaswa kuonyeshwa karatasi ya mistari mitupu.

Nchi tajiri zilijibu hesabu hiyo kwa mashine. Tangu mwaka 1968 zimekuwako za kuuzwa madukani, kubwa kama kabati ndogo, zinazofungwa kwenye tumbo la mama na kuchora mwendo wa moyo kwenye karatasi isiyokoma. Nyingi zinatumia elimu ya Christian Doppler, Mwaustria aliyeeleza mwaka 1842 kwamba mawimbi hubadilika kitu kinapokujia au kinapokukimbia. Mkazi wa Kibera haihitaji darasa. Gari la moshi likija, honi yake husikika nyembamba, na likishakupita inakuwa nzito, ingawa dereva hajabadilisha kitu. Vivyo hivyo, mawimbi ya sauti tusiyoweza kuisikia yakitumwa tumboni yakagonga moyo unaocheza, hurudi yamegeuka, na mashine huhesabu mageuko hayo.

Hata hivyo mashine hizo kubwa zina walakini. Ni ghali, zinakula karatasi, zinataka umeme na mtu wa kuzisoma. Na huko huko kwao tafiti zimeonyesha kwamba kwa akina mama wasio na hatari maalum ziliongeza upasuaji bila kupunguza vifo vya watoto. Mstari ukicheza kidogo, daktari huingiwa na hofu na kuchukua kisu.

Watu wa kwetu hawakukaa wakipiga miayo. Mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walijulikana kwa kuunganisha kipembe na simu ya mkononi, ili simu isikilize na kuhesabu. Walikiita WinSenga, na senga kwa Kiganda ni shangazi anayemfunza msichana mambo ya unyumba. Mjini Kampala pia kilijaribiwa kifaa kidogo cha kusokotwa kwa mkono badala ya betri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa maoni yangu serikali zetu zilipaswa kuwakumbatia vijana kama wale wa Makerere mapema zaidi. Lakini twende Tanzania.

Haydom ni mji mdogo wa mashambani wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1955 na Walutheri kutoka Norway, kwa hiyo njia kati ya Norway na Haydom ilikuwa imekwisha kukanyagwa Laerdal walipoipita. Na walipoipita, kitu cha kwanza walichobeba kilikuwa kile wanachokijua tangu zamani, yaani mwanasesere.

Huyu aliitwa NeoNatalie, mwenye ukubwa wa mtoto mchanga. Unamjaza maji ya uvuguvugu ili awe mzito na laini kama mtoto kweli. Mwalimu akibonyeza mpira mdogo, kitovu chake kinapiga. Akibonyeza mwingine, anapumua au analia. Mkunga anafunzwa kwamba mtoto akizaliwa bila kulia ana dakika moja tu ya kumkausha, kumsisimua na, ikibidi, kumpulizia hewa kwa mfuko wenye kifuniko cha mdomo na pua. Dakika hiyo wameiita ya dhahabu. Mafunzo hayo yalitungwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, na Tanzania ilianza kuyajaribu katika hospitali 8 mwaka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, Laerdal ikaunda tawi lisilotafuta faida, Laerdal Global Health, kwa ajili ya akina mama na watoto wa nchi kama zetu.

Matokeo ya hospitali hizo 8 yalichapishwa mwaka 2013, na aliyetangulia katika orodha ya waandishi ni Dkt Georgina Msemo wa Wizara ya Afya ya Tanzania. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini kuna tarakimu nyingine katika kazi hiyo ambayo iliniondolea usingizi. Watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu nao walipungua kwa asilimia 24. Fikiri kidogo, msomaji. Mfu hapuliziwi akafufuka. Maana yake ni kwamba baadhi ya wale waliokuwa wakifungwa khanga na kuwekwa kando walikuwa hai. Moyo ulikuwa unapiga, ila polepole na kwa unyonge, na hakuna aliyeusikia.

Ndipo ikaonekana kwamba mikono iliyofunzwa inahitaji masikio. Vikaja vifaa viwili. Kimoja, NeoBeat, kinafanana na bangili iliyokatwa, na hubanwa kwenye kiwiliwili cha mtoto aliyezaliwa hivi punde. Kwa sekunde chache kinaonyesha moyo wake unapiga mara ngapi, hivyo mkunga hawezi kumwacha mtoto aliye hai akidhani amekufa. Kingine ndicho Moyo.

Moyo ni kisanduku kidogo ambacho mama huvaa shingoni kwa ukanda. Waya hutoka hapo hadi kwenye kipande cha mviringo kinachofungwa tumboni. Ndani ya sekunde 5 hivi tarakimu hutokea kwenye kioo, na anaweza kutembea nacho wadini. Kioo kinaweka kumbukumbu ya nusu saa iliyopita, hivyo muuguzi akirudi kutoka kwa mama anayevuja damu anaona yaliyotokea alipokuwa hayupo. Mapigo yakienda vibaya, kifaa hupiga kelele. Kuna na jambo moja la busara. Mara nyingi mtu huhesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto, kumbe mtoto amekwisha kwenda. Mama akikishika kisanduku kwa vidole, kinausoma moyo wake yeye na kuutenga na ule wa mwanawe.

Ningeweza kukomea hapa nikausifu. Gazeti lingejaa na kila mtu angefurahi. Lakini mgala muue na haki yake mpe, na haki inadai niseme yote. Moyo ulipojaribiwa Muhimbili, Dar es Salaam, mapigo mabaya yaligunduliwa kwa watoto wengi zaidi kuliko zamani, na akina mama waliohojiwa walisema walipata faraja kujua mtoto anaendeleaje. Huko Haydom Dkt Paschal Mdoe na wenzake waliulinganisha na kipembe. Moyo ukagundua matatizo mara nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikuonyesha tofauti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018, na sioni kwa nini mtu ayafiche. Kengele ikilia usiku na hakuna wa kuitika, au mpasuaji yuko nyumbani umbali wa saa moja, kengele hiyo itamfaa nani?

Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niwaheshimu. Hawakurudi Stavanger kuunda kisanduku kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023, hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza vilipewa vifaa na wanasesere kwa pamoja, vikiwa chini ya serikali ya Tanzania na watafiti wa Haydom. Wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi kazini, mara kwa mara, kama kwaya inavyofanya. Yuko mwanasesere MamaNatalie, ambaye mwalimu anajifunga tumboni na kujifanya mama mwenye uchungu, akavuja damu ya bandia hadi wanafunzi watokwe na jasho la kweli. Kila kituo kikawa na mtu wake wa kukumbusha wengine na kutazama daftari la vifo bila kuogopa.

Kazi hiyo, iliyoongozwa na Dkt Benjamin Kamala wa Haydom na Dkt Hege Ersdal wa Stavanger, ilichapishwa Februari 2025 katika jarida la madaktari la New England. Ilihusu uzazi wa karibu akina mama 300,000. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Vya akina mama wenyewe vilipungua kwa asilimia 75 hivi. Ukiwaweka pamoja waliozaliwa wafu na waliokufa mapema, upungufu ni asilimia 18, na hapo ndipo kazi ingali ngumu, kwa kuwa mtoto anayekufa tumboni bado anahitaji zaidi ya kusikilizwa. Anahitaji upasuaji wa haraka na damu ya kuongezwa, na gari lenye mafuta la kumfikisha penye vitu hivyo.

Huku kwetu Kenya serikali ilipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwezi Juni 1, 2013, wadi zilifurika. Lilikuwa jambo jema, na mama yangu alishangilia kama watu wengine. Ila hesabu ya dakika 44 ndani ya 30 haikufutwa kwa tangazo. Ndiyo maana nakuandikia wewe, msomaji, ambaye huenda una binti, mke au dada mwenye mimba wakati huu. Kabla ya siku yake kufika, nendeni mkaione wadi mchana kweupe. Ulizeni moyo wa mtoto husikilizwa kila baada ya muda gani, na kwa chombo gani. Mama akiwa na uchungu ana haki ya kuomba asikilizwe tena, na ya kuuliza tarakimu ni ngapi. Kama hospitali inaruhusu jamaa mmoja kukaa naye, akae yule asiyeona haya kumwita sista mara ya tatu. Sio ukorofi. Wauguzi wengi hawachukii kuitwa, maana ndio wanaobaki na karatasi yenye mistari mitupu mbele ya familia inayolia.

Dada yangu ana mimba ya miezi minane. Hakutaka kuizungumzia hadi hivi majuzi, na hata sasa nguo za mtoto hajanunua, zile za mwanzo alizigawa. Wiki iliyopita nilimsindikiza kliniki. Nyuma ya kijitabu chake cha mama na mtoto alikuwa ameandika maswali manne kwa herufi kubwa, na zamu yake ilipofika akakiweka mezani bila kusema lolote. Sista aliyasoma yote, taratibu. Alimtazama, akauliza kama huyu ni wa kwanza. Dada yangu akasema ni wa pili. Sista akachukua kalamu, akaongeza swali la tano chini ya yale manne: usiku huo zamu watakuwa wangapi?